Jembe la Mkaa-Shamba: Habari za Mwenye Mikarafuu na Mpangaji Wake Kisiwani Pemba

Kwa muda wa miaka sitini na kitu, tangu kufutwa utumwa mwaka 1897 hata Mapinduzi ya mwaka 1964, lilikuwako swali moja ambalo wenye mikarafuu wengi wa kisiwa cha Pemba, yule wa miti elfu na yule wa miti hamsini iliyotawanyika baina ya kilima na bonde, walijiuliza katika umri wao, aghalabu baada ya sala ya alasiri, mtu amekaa barazani kwake na mkaa-shamba wake yumo kondeni akipalilia muhogo: huyu nimwache, au nimwondoe nimtie mwingine?

Asiyekijua kisiwa chetu huenda akadhani kuwa swali hili ni lile la mwenye nyumba ya mjini na mpangaji aliyechelewesha ijara ya mwezi. Lakini shamba la mikarafuu halikuwa nyumba tu wala konde tu. Chini ya miti ile ile iliyompa mwenyewe fedha ya kuozesha binti na kulipa deni la dukani, mtu mwingine alikuwa na kibanda chake cha udongo na makuti, muhogo wake, viazi vyake, kuku wake, wanawe, na mara nyingine makaburi ya wazee wake. Miliki ilikuwa moja na matumizi yalikuwa matatu, makazi na chakula na biashara, nayo yalifungamana kiasi kwamba mwenye kutaka kubadili moja hakuweza kuyaacha mawili yaliyobaki kama yalivyokuwa.

Mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na Pemba, ambayo Mabusaidi, watawala kutoka Oman, waliitwaa mikononi mwa Mazrui wa Mombasa mnamo mwaka 1823, ilichelewa kuipokea kwa wingi. Kilichoigeuza hali ya mambo ni dhoruba ya mwezi wa Aprili mwaka 1872, iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Bei ikapanda, wenye mali wa Kiarabu wakavuka bahari pamoja na watumwa wao kuja kupanda katika vilima hivi vyenye mvua nyingi na udongo mwema, na muda si muda kisiwa kidogo ndicho kilichokuwa kikitoa sehemu iliyo kubwa zaidi ya karafuu za dola nzima. Wageni hawa hawakuikuta ardhi tupu. Wapemba walikuwa na viambo vyao na mabonde yao ya mpunga, na mara nyingi ardhi ya mikarafuu ilipatikana kwa mapatano: mwenyeji akafyeka msitu na kupanda, na miti ilipokwisha kushika ikagawanywa nusu kwa nusu. Ndiyo maana shamba la Mwarabu likapakana na la Mpemba, wakaazimana majamvi ya kuanikia, wakaozana. Na jambo hilo, kama nitakavyoeleza, lilikuja kuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko alivyoweza kukisia yeyote kati ya wale waliokuwa wakihesabu miti siku ya mgawo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kuufuta utumwa kisheria katika visiwa vyake. Wengi hulikumbuka sharti lake kubwa, kwamba mahakama haitasikiliza tena dai la mtu juu ya mtumwa wake. Wachache hulikumbuka lile lililohusu maisha ya mtu baada ya kuthibitishiwa uhuru wake. Lilisema kuwa lazima mtu huyo aonyeshe makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo atahesabiwa mzururaji. Na kama makazi yake yapo katika ardhi ya mtu mwingine, itampasa amlipe mwenye ardhi ijara, ambayo yaweza kuwa kazi au mazao badala ya fedha, kwa mapatano yatakayofanywa mbele ya mahakama ya wilaya. Kwa maneno hayo mtumwa wa jana alifanywa mpangaji wa leo bila kuhama hata hatua moja kutoka mlangoni pake, na bwana wake wa jana akafanywa mwenye ardhi ambaye, kwa mara ya kwanza katika umri wake, alikuwa na mtu awezaye kuondoka.

Serikali ilijaribu kuyaandika mapatano hayo. Padri J. P. Farler, aliyewekwa kuwa kamishna wa mambo ya watumwa Pemba, alisimamia mikataba iliyotaja siku za kazi ambazo mkaaji atamfanyia mwenye shamba kila juma. Wamisionari wa madhehebu ya Kikweka nao walijipatia shamba Banani, karibu na Chake Chake, wakajikuta ni wenye shamba wenye kuweka watu katika ardhi yao kama majirani zao. Lakini mikataba ya siku haikudumu, kwa sababu iliyo wazi kwa kila aliyewahi kuishi hapa: mashamba yalikuwa mengi na majembe yalikuwa machache. Mkaaji aliyeona siku zake zimezidi alikunja mkeka wake usiku akahamia kwa jirani, na jirani akampokea asimwulize alikotoka. Kabla ya miaka mingi kupita ijara ya siku ilikuwa imekwisha kufa yenyewe, na mahali pake pakachukuliwa na ada isiyoandikwa popote, ambayo nusu karne baadaye watu walikuwa wakiitaja kana kwamba iliteremka pamoja na mvua.

Ada hiyo ilikuwa hivi. Mkaa-shamba hakulipa fedha. Alipewa mahali pa kujenga na ardhi ya kulima baina ya miti, naye akapanda muhogo, viazi vitamu, majimbi, mtama ukimkubali, na ujira wake kwa mwenye shamba ulikuwa kuiweka safi ardhi ya chini ya mikarafuu, kwani ardhi iliyopaliliwa kwa ajili ya muhogo ndiyo hiyo hiyo iliyopaliliwa kwa ajili ya mti. Ulipofika wakati wa kuchuma, yeye na mkewe na watoto wake walichuma kama mchumaji mwingine yeyote, wakalipwa kwa pishi. Mwenye shamba naye hakuwa na la kudai katika muhogo, wala mkaaji hakuwa na la kudai katika karafuu. Maafisa wa Kiingereza walikuwa na jina lao la kuwaita watu hawa, maskwota, jina lililotoka katika nchi nyingine na lenye maana ya mtu aliyejipachika mahali pasipo idhini. Nami naliona ni jina la kudhulumu, kwa kuwa mkaa-shamba wa Pemba hakujipachika. Aliwekwa, na aghalabu alibembelezwa akae.

Basi na turudi barazani, kwa yule anayejiuliza. Malalamiko yake si ya uongo. Mkaaji huyu amepanda muhogo karibu mno na mashina, na jembe lake linakata mizizi ya juu ya mkarafuu, mti ambao mwenye kuupanda hungoja miaka sita hata minane kabla ya kuona karafuu ya kwanza. Amelima pale pale mwaka baada ya mwaka hata udongo umekonda. Upande wa pili wa kilima, ambako muhogo haustawi, magugu yamefika kiunoni, ilhali mapatano yalikuwa shamba zima. Na yapo maneno ya watu, ambayo hayakosekani, kwamba usiku wa msimu karafuu mbichi za shambani humu zilionekana zikipimwa kwa mlango wa nyuma wa duka fulani. Mbele ya mwenye shamba yuko kijana kutoka bara, aliyekuja kuchuma na sasa anatafuta mahali pa kukaa, mwenye mikono miwili yenye nguvu na ahadi nyingi.

Lakini mwenye shamba mwenye akili alijua hesabu ya upande wa pili. Akimwondoa wa zamani leo, magugu hayatangoja yule mpya ajenge kibanda. Mgeni atahitaji muhogo wa miezi tisa hata mwaka mzima kabla ya kula cha jasho lake, na muda wote huo ni mwenye shamba atakayemkopesha unga, au atamwona anakwenda kufanya kibarua kwa wengine siku zile zile anazotakiwa shambani. Wa zamani anajua mti upi huchanua mapema na upi hutangulia kuiva upande wa jua; anajua mpaka unapopita, hata pale ambapo jirani angependa usahaulike; na watoto wake wamekwisha kuzoea matawi, jambo lenye thamani kubwa katika zao ambalo lazima lichumwe kabla ya tumba kufunua ua, katika majuma machache, wakati kila mwenye shamba kisiwani anatafuta wachumaji wale wale. Tena mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Huja msimu mkubwa, kisha ikapita miaka ya ukavu, na mkaaji aliyevumilia miaka ya ukavu pamoja nawe ndiye utakayemhitaji utakapokuja ule mkubwa. Kwa hiyo mara nyingi hukumu iliyotoka barazani ilikuwa ni kumwita mtu, kumwonyesha upande ule wa magugu, na kumtaka aseme siku atakayoumaliza.

Kulikuwa na kosa moja tu ambalo kwalo subira hiyo ilikoma ghafula, nalo ni kupanda mti wa kudumu.

Hapa ndipo kilipo kiini cha habari yote. Katika visiwa hivi, na katika Mwambao wote, mti ni miliki peke yake, mbali na ardhi uliposimama. Mtu aweza kuwa na minazi mitatu katika kiwanja cha mwenzake, akaiuza, akaiweka rehani, ikarithiwa na wanawe, wala mwenye kiwanja asiwe na la kusema. Mkaaji aliyepanda muhogo alipanda chakula. Mkaaji aliyepanda mnazi alipanda hoja. Leo ni mche mmoja nyuma ya jiko, kesho ni minazi mitano, na siku mwenye shamba atakapokufa, na warithi wakakaa kugawa, atasimama mtoto wa mkaaji aseme hii ya baba yangu, na mashahidi atakuwa nao. Kwa sababu hiyo sharti la kutopanda miti lilikuwa sharti la kwanza kutamkwa na la mwisho kusamehewa, na mwenye shamba aliyepita asubuhi akauona mche wa mnazi umeota mahali ambapo hakuuagiza aliweza kufanya kwa siku moja uamuzi aliokuwa akiuahirisha kwa miaka kumi.

Hata hivyo hakuwa huru kutenda apendavyo. Wapemba wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na Waarabu wa Oman wengi wao ni Ibadhi, na makadhi wa pande zote mbili walikuwako. Na fikihi ya Shafii haina shaka juu ya mwenye kuazima ardhi yake. Kuazima ni ihsani na mwenyewe aweza kujirudi. Lakini akirudi katika ardhi iliyopandwa nafaka, lazima angoje mavuno. Na akirudi katika ardhi iliyopandwa miti kwa idhini yake, hawezi kuing'oa bure: ama aiache kwa ijara, ama ainunue kwa thamani yake, ama aing'oe na kulipa upungufu. Ndiyo hukumu ambayo ada ya shambani ilikuwa ikiizunguka hata kwa watu wasiojua kusoma kitabu. Muda wa kuondoka ulipimwa kwa mimea: mwenye viazi alipewa miezi yake, mwenye muhogo mwaka wake, na mwenye mti alilipwa. Nimesoma kwamba huko Ireland, nchi iliyoko mbali nasi kwa kila hali, wakulima waligombana na wenye ardhi kwa karne nzima juu ya jambo hili hili, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1870 ya kumlipa mpangaji anayeondolewa kwa yale aliyoyaongeza katika ardhi. Mzee wa kiambo hapa Pemba, aliyekaa chini ya mwembe akiwahesabia watu wawili thamani ya migomba saba, asingeona jambo jipya katika sheria hiyo.

Mjini mizani iliinama upande mwingine. Katika Chake Chake, Wete na Mkoani, nyumba ya biashara ilikuwa na duka mbele, ghala ya karafuu nyuma, na watu wa nyumbani juu au uani, na mpangaji wake mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Lakini mpangaji huyu ndiye aliyekuwa akimkopesha mwenye nyumba nguo na mchele na fedha ya kuchumia, kwa rehani ya karafuu ambazo hazijatokeza mtini. Mwenye nyumba angemwambiaje ahame, hali daftari ya deni imo ndani ya duka hilo hilo? Madeni haya yalifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiuzwe kwa wasio wao, na mwaka huo huo ikakiimarisha Chama cha Wakulima wa Karafuu katika ununuzi wa zao hilo; Wahindi wakajibu kwa kugomea biashara ya karafuu mwaka 1937 na 1938. Sitaendelea na habari hiyo, ambayo yastahili makala yake yenyewe. Naitaja ili ionekane kuwa uwezo wa kumbadili mpangaji haukuwahi kutegemea hati ya miliki peke yake. Ulitegemea ni nani kati ya wawili anayemhitaji mwenzake zaidi.

Ada ya shambani ilivunjika kwa sababu isiyohusiana na magugu wala minazi. Mwezi wa Julai mwaka 1957 palifanywa uchaguzi wa kwanza wa watu wote wenye sifa za kupiga kura, na Hizbu, chama kilichoungwa mkono na wenye mashamba wengi, hakikupata hata kiti kimoja. Baada ya hapo baadhi ya wenye mashamba waliwatazama wakaaji wao kwa jicho jipya. Hawakuuliza tena kama upande wa pili wa kilima umepaliliwa. Waliuliza ulimpa nani kura. Watu wakaamriwa kuondoka, wengine na muhogo ungali ardhini. Wenye mashamba walisema kuwa wakaaji ndio walioanza, kwamba walikuwa wamekwisha kukataa kupalilia na kujidai kuwa ardhi ni yao, na sina shaka kuwa wapo waliosema hivyo. Wakaaji walisema kuwa wanaadhibiwa kwa karatasi waliyoitumbukiza sandukuni. Waafrika wakaanzisha maduka ya ushirika na kugomea maduka ya wengine. Mwaka 1958 viongozi wa vyama vya Afrika Mashariki na ya Kati, waliounda umoja wa PAFMECA huko Mwanza mwezi wa Septemba, waliwapatanisha Hizbu na ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichokuwa mpinzani wake, kwa muda, na ufukuzaji ukapungua. Lakini neno likishatoka halirudi, na mkaaji aliyeona jirani yake akiondolewa kwa ajili ya kura alikuwa amekwisha kujua kwamba jembe lake halimlindi tena.

Dhoruba hiyo ilivuma zaidi Unguja kuliko Pemba, na sababu yake ni ile niliyoigusia mwanzo. Huku kwetu mwenye miti na mwenye jembe hawakuwa daima watu wa makabila mawili. Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, wakaa-shamba walikuwa wachache, na wachumaji wengi walikuwa wakija kwa msimu kutoka Unguja na bara kisha wakarudi makwao. Hata siasa ilichukua njia nyingine: chama cha ZPPP, kilichojitenga na ASP mwaka 1959 chini ya Mohammed Shamte, kilipata nguvu zake Pemba, kikashinda viti vitatu katika uchaguzi wa Januari 1961 na baadaye kikaungana na Hizbu kuunda serikali. Sisemi kuwa Pemba haikuwa na dhulma. Nasema kuwa ni vigumu zaidi kumfukuza mtu kwa ajili ya chama chake ikiwa mkweo yumo katika chama hicho hicho.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na swali la barazani likanyang'anywa kutoka kwa wote waliokuwa wakilijibu. Kuanzia tarehe 8 Machi mwaka huo ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na tangu mwaka 1965 mashamba yaliyotwaliwa yakakatwa vipande vya eka tatu tatu wakapewa wananchi, zaidi ya familia 20,000 katika Unguja na Pemba. Baadhi ya waliokuwa wakaaji wakawa wenyeji wa pale pale walipokuwa wakipalilia, nami siwezi kudharau furaha ya mtu aliyepanda mnazi wake wa kwanza mchana kweupe. Lakini waliopewa eka hawakupewa kuuza, na asiyeilima aliweza kunyang'anywa akapewa mwingine. Mwenye shamba sasa alikuwa serikali, na msimamizi wake alikuwa karani. Mikarafuu iliyobaki mikononi mwa serikali ikawa inakodishwa kwa msimu, na mkodishwaji wa msimu mmoja ana sababu gani ya kupalilia chini ya mti ambao mwakani utachumwa na mwingine? Yeyote aliyepita katika mashamba hayo akaona matawi yaliyovunjwa kwa haraka ya kuchuma na magugu yaliyoachwa kusimama anaweza kujibu mwenyewe.

Siku hizi waliopewa eka wamezeeka au wamekwisha kufariki, na watoto wao wako Unguja, Tanga, Mombasa na Uarabuni. Eka haziwezi kukaa bila mtu. Basi hutafutwa kijana, akaonyeshwa mahali pa kujenga na mahali pa kulima, bila ya karatasi, pengine chini ya mkarafuu ule ule ambao babu yake aliupalilia kwa ajili ya mtu mwingine. Kijana huuliza anaruhusiwa kupanda nini, na mzee humjibu kwa utaratibu, akimwonyesha kwa mkongojo: "Muhogo panda, mwanangu, na viazi panda. Mgomba tutautazama. Mnazi usipande."